MAMA ANNE SULLIVAN, MWALIMU WA MUTOTO KIZIWI NA KIPOFU (1866–1936)



Tumezoea kuwaletea hapa maisha ya watu waliotumikia wenzao, kusudi imani yetu isikae mudomoni tu. Mara hii tumechagua mwanamuke wa Marekani, Mama Anne Sullivan. Hakuwa nabii, hakuwa muhubiri, wala hakuanzisha kanisa. Alikuwa mwalimu, na karibu maisha yake yote alifundisha mwanafunzi mumoja tu. Lakini kazi aliyoifanya kwa mwanafunzi huyo ilijulikana katika dunia nzima, na waalimu wa vipofu na viziwi wangali wanajifunza kwake.

Tuna sababu ya kumuchagua. Katika maombi yetu tunapokea wazazi wenye kuleta watoto wasioona, wasiosikia, au wasiosema. Wengine wamekwisha kumaliza mali yao kwa wafumu. Wengine wameambiwa na majirani ya kuwa mutoto ni mulozi, ya kuwa ni yeye anayefunga baraka ya jamaa. Wengine wanamuweka katika chumba cha nyuma kusudi wageni wasimuone. Sisi mashemasi tunaomba pamoja nao, na tutaendelea kuomba. Lakini maombi yakiisha, mutoto anarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi anaamka, na hakuna mutu wa kusema naye. Ni juu ya asubuhi hiyo tunaandika habari hii.

Papa Simon Kimbangu alituachia maneno matatu ambayo kila mutoto wa kanisa anayajua: upendo, amri, kazi. Mutakaposoma maisha ya Mama Anne, angalieni namna maneno hayo matatu yalivyokutana ndani ya nyumba moja, mbele ya mutoto mumoja.

1. UTOTO WA MATESO

Anne alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866, katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walitoka Ayalandi, inchi iliyopigwa na njaa kubwa wakati viazi vilipooza mashambani na watu wengi wakavuka bahari kutafuta maisha. Hawakujua kusoma wala kuandika. Baba alikuwa mutu wa pombe, na fedha kidogo aliyoipata haikufika nyumbani.

Alipokuwa na miaka 5, Anne alishikwa na ugonjwa wa macho unaoitwa trakoma. Ugonjwa huo unaenezwa na mikono, vitambaa vichafu na mainzi. Usipotunzwa, unakwaruza jicho pole pole mpaka linapofuka. Leo kuna dawa yake, na kunawisha watoto uso kwa maji safi kunasaidia kuuzuia. Lakini Anne alikuwa mutoto wa maskini, na macho yake yakaanza kuharibika.

Alipokuwa na miaka 8, mama yake akafa. Kisha baba akashindwa kulea watoto, akawaacha. Mary, aliyekuwa mudogo kabisa, alipokelewa na jamaa. Lakini Anne alikuwa karibu kipofu, na mudogo wake Jimmie alikuwa na ugonjwa wa nyonga, akitembea kwa gongo. Hao wawili hakuna mutu aliyewataka.

Tarehe 22 Februari 1876 walipelekwa Tewksbury, nyumba ya serikali ya kutunza maskini. Mule walichanganywa pamoja wazee, wagonjwa, wenda wazimu, wanawake waliotupwa na watoto wasio na wazazi. Ilikuwa chafu na yenye panya. Miezi michache tu ikapita, Jimmie akafa. Usiku ule Anne aliamka, akapapasa pahali pa kitanda cha mudogo wake, mukono wake ukakuta pahali patupu. Alikuwa na miaka 10, na katika dunia hii hakubaki na mutu wa kumuita wake.

Alikaa Tewksbury zaidi ya miaka 4. Hakuna aliyemufundisha kusoma. Lakini alisikia ya kuwa kuna shule za vipofu, na neno hilo likakaa moyoni mwake kama kaa la moto. Mwaka wa 1880 wakubwa wa serikali walikuja kuchunguza nyumba ile, na kiongozi wao alikuwa Bwana Frank Sanborn. Anne hakuweza kuona uso wake. Akawafuata kutoka chumba kimoja mpaka kingine akisikiliza sauti zao, na walipokuwa karibu kuondoka, akajitupa katikati yao na kulia ya kuwa anataka kwenda shuleni.

Wasomaji wa Injili watakumbuka Bartimayo, kipofu wa Yeriko, aliyepiga kelele njiani wakati watu walitaka anyamaze. Anne naye hakunyamaza, na kilio chake kilisikiwa.

2. SHULE YA PERKINS

Tarehe 7 Oktoba 1880 aliingia katika shule ya vipofu ya Perkins, katika muji wa Boston. Alikuwa na miaka 14, na hakujua kuandika jina lake. Wasichana wengine walikuwa watoto wa nyumba nzuri, wakamucheka. Naye alikuwa mwenye hasira na majibu makali, hata mara zingine waalimu walifikiri kumufukuza. Tunaeleza jambo hili kusudi mutu asizani kama Mungu anachagua watu walio tayari tu. Hasira ile, ilipofundishwa, ilikuwa nguvu ya kutokukata tamaa.

Wanganga walimupasua macho, na mwaka wa 1882 akaanza kuona kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya kawaida, lakini si kwa muda murefu. Kutoka hapo mpaka kufa macho yake yalimuuma.

Katika shule ile aliishi mwanamuke mumoja, Laura Bridgman, aliyezaliwa mwaka wa 1829. Homa ilimunyanganya kuona na kusikia alipokuwa mutoto mudogo sana. Kuanzia mwaka wa 1837 munganga Samuel Howe alimufundisha kusema kwa alfabeti ya vidole. Kazi yake ni hivi: kila herufi ina namna yake ya kukunja vidole, mwenye kusema anaweka vidole vyake ndani ya kiganja cha mwenzake, herufi moja moja, na yule anasoma kwa kugusa. Kabla ya Laura, watu wengi walifikiri ya kuwa mutoto asiyeona na asiyesikia hawezi kufundishwa neno lolote.

Anne alijifunza alfabeti hiyo, akawa anakaa na Laura kuongea naye. Mwezi wa Juni 1886 alimaliza masomo akiwa wa kwanza katika darasa lake, naye alikuwa na miaka 20. Siku ya kutoa diploma ilikuwa ya furaha, lakini kesho yake alijiuliza atakwenda wapi. Hakuwa na nyumba, hakuwa na jamaa, hakuwa na kazi.

3. NYUMBA YA KAPITENI KELLER

Mbali sana, katika muji mudogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, aliishi Kapiteni Arthur Keller na muke wake Kate. Mutoto wao Helen alizaliwa tarehe 27 Juni 1880, muzima kabisa. Alipokuwa na miezi 19 alishikwa na homa kali. Wanganga waliona atakufa. Homa ikatoka, wazazi wakamushukuru Mungu. Lakini nyuma ya siku chache mama akaona ya kuwa macho ya mutoto hayafungi mbele ya mwangaza, na ya kuwa hageuki akisikia kengele.

Helen alikomaa katika giza na ukimya. Akili yake haikulala: alijitengenezea ishara zake mwenyewe. Kusukuma mutu ilikuwa kusema aende, kumuvuta ilikuwa kusema akuje; kama alitaka mukate, alifanya kama mutu anayekata vipande na kuvipaka siagi. Aliyefahamu ishara hizo kuliko wengi alikuwa mutoto wa mupishi, musichana mweusi aliyeitwa Martha Washington. Watoto hawakusoma vitabu, lakini walicheza, na katika kucheza walisikilizana.

Hata hivi ishara zile hazikutosha. Helen alijua ya kuwa watu wengine wanasema kwa midomo, maana aliwagusa mudomo. Akatikisa wake, na hakuna aliyefahamu. Ndipo alipiga, aliuma, alivunja vyombo, alijitupa chini mpaka nguvu ziishe. Siku moja alifungia mama yake katika stoo ya chakula na kuketi inje akicheka. Watu wengine wa jamaa walisema hana akili, afazali apelekwe katika nyumba ya wenda wazimu. Wazazi walikataa. Lakini kwa sababu ya huruma walimuacha afanye yote anayotaka, na mutoto akawa mufalme wa nyumba.

Mama Kate alikuwa amesoma katika kitabu cha mwandikaji Charles Dickens habari ya Laura Bridgman, na tumaini lake lilikaa juu ya ukurasa ule. Mwaka wa 1886 wakamupeleka Helen kwa munganga wa macho katika muji wa Baltimore. Munganga akasema macho hayataweza kupona, lakini mutoto anaweza kufundishwa. Akawatuma kwa Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua telefone, maana alikuwa akitumikia viziwi. Bell akawashauri waandike kwa direkta wa shule ya Perkins, Bwana Michael Anagnos. Direkta akamufikiria Anne.

Mutaona namna njia ilivyofunguka: kitabu kimoja, munganga mumoja mwenye kusema ukweli, mutu mumoja mwenye kujua pa kuandika barua. Kama wazazi wangemuficha mutoto, mulango huo haungefunguka.

4. VITA VYA MEZANI

Tarehe 3 Machi 1887 Anne alishuka katika gari la moshi, macho mekundu, hajatimiza miaka 21. Alileta sanduku na pupe moja, zawadi ya watoto vipofu wa Perkins. Nguo ya pupe ile ilishonwa na Laura Bridgman. Akaiweka katika mikono ya Helen, kisha akaandika jina lake kwa vidole katika kiganja chake. Helen akarudisha herufi zile sawasawa. Lakini aliiga tu. Hakujua ya kuwa mambo yana majina.

Siku za kwanza zilikuwa za shida. Helen alimupiga mwalimu mpaka jino likatoka. Alimufungia chumbani juu, akaficha ufunguo, na Kapiteni akaleta ngazi kumutosha kwa dirisha. Mezani alizunguka na kuingiza mukono katika sahani ya kila mutu, na jamaa iliendelea kuongea kama hakuna kitu. Asubuhi moja Anne alikataa mukono ule katika sahani yake. Helen akajitupa chini, akapiga mateke. Jamaa wakasikia uchungu, wakatoka. Anne akafunga mulango kwa ufunguo, akaendelea kula. Mutoto akamufinya, mwalimu akamuzuia. Mutoto akatupa kijiko, mwalimu akamurudisha akiokote. Mwishoni Helen alikula kwa kijiko, katika sahani yake mwenyewe. Kisha ikabaki kukunja kitambaa cha mezani, na hicho kikaomba karibu saa moja tena. Anne akaenda chumbani mwake, akalia.

Hapa wazazi wengi watamuona kuwa mukali. Lakini tuchunguze vizuri. Ni nani kati yao aliyemuheshimu mutoto? Wale waliomuacha ale kama munyama wa nyumbani kwa sababu hawakutumaini kitu kwake, ao yule aliyeamini ya kuwa anaweza kuketi na kula kama watoto wa Mungu wote? Jamaa ilikuwa na upendo, lakini upendo usio na amri ulimuacha mutoto gizani.

Anne akaomba wazazi akae peke yake na Helen katika nyumba ndogo ya bustani. Wakabadilisha vyombo vya ndani, wakamuzungusha Helen kwa gari la farasi kusudi asijue ya kuwa yuko karibu na kwao. Walikaa pale karibu juma 2. Kila siku kulikuwa saa ya kuvaa, saa ya kula, saa ya kazi ya mikono, na kila kitu jina lake liliandikwa kiganjani. Baba alipopita na kuangalia kwa dirisha, alishangaa kuona mutoto ametulia. Siku moja Belle, mbwa wa nyumba, aliletwa kuwatembelea. Helen akamushika muguu, akaanza kumuandikia herufi. Alitaka kumufundisha mbwa, naye mwenyewe bado hakufahamu maana yake.

5. SIKU YA MAJI

Tarehe 5 Aprili 1887 Helen alikuwa akichanganya kikombe na maji. Mwalimu akirudilia kwa uvumilivu, mutoto akakasirika, akatupa pupe chini, ikavunjika. Hakusikia huzuni hata kidogo. Anne akafagia vipande, akamuvalisha kofia, wakatoka inje.

Katika kiwanja kulikuwa bomba ya maji ya kusukuma kwa mukono. Mutu alikuwa akiteka. Anne akatia mukono wa Helen chini ya maji baridi yaliyomwagika, na katika mukono mwingine akaandika herufi za neno maji, kwanza pole pole, kisha mbio. Mutoto akasimama kimya. Uso wake ukabadilika. Alifahamu ya kuwa herufi zile ni jina la kitu kile baridi kinachopita juu ya vidole vyake.

Akaandika neno lile mara nyingi. Akagusa udongo, akauliza jina lake. Akagusa bomba, akauliza. Kisha akageuka, akauliza jina la mutu yule aliyekuwa pamoja naye. Anne akamuandikia: mwalimu. Tangu siku ile Helen alimuita hivyo mpaka kufa.

Mpaka jioni alikuwa amepata maneno karibu 30. Aliporudi nyumbani alikumbuka pupe, akapapasa vipande, akajaribu kuviunganisha, akashindwa, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia toba. Tena usiku ule alipanda katika kitanda cha mwalimu wake, akamubusu, jambo ambalo hakulifanya mbele. Wapendwa, angalieni: siku mutoto alipopata neno, siku hiyohiyo alipata vilevile huzuni juu ya kosa na upendo kwa jirani. Mutoto tunayemuita mukaidi ao mwenye pepo, pengine hajapata neno bado.

6. NAMNA ALIVYOFUNDISHA

Nyuma ya siku zile Anne aliangalia mutoto muchanga wa jamaa, wa miezi 15. Aliona ya kuwa mutoto anafahamu maneno mengi mbele ya kuweza kusema hata moja, maana mama zake wanasema naye muchana kutwa. Akaamua kufanya vile kwa Helen: kusema katika mukono wake kama tunavyosema katika sikio la mutoto muchanga, kwa maneno kamili, bila kungojea kwanza ajibu. Akaacha masaa ya darasa. Walijifunza inje, chini ya miti, katika shamba, kando ya muto. Helen aligusa yai likipasuka na kifaranga kutoka. Alishika mbegu, kisha mume wake, kisha ua.

Alijifunza kusoma kwa vidole, na mwezi wa Juni 1887, miezi 3 haijatimia tangu siku ya maji, aliandika barua yake ya kwanza kwa penseli. Alijifunza vilevile maandishi ya Braille, yale ya nukta zilizoinuka, yaliyotungwa na kijana kipofu wa Ufaransa, Louis Braille. Mwaka wa 1890 akaanza masomo ya kusema kwa mudomo, akiweka vidole juu ya koo na midomo ya mwalimu. Sauti yake haikuwa safi kwa wageni, lakini alisema.

Akaanza vilevile kuuliza maulizo makubwa: ni nani aliyefanya dunia, na sisi tunatoka wapi. Hapa tuseme ukweli. Mama Anne hakuwa mutu wa sala nyingi. Nyumba ya Tewksbury ilimuachia mashaka, na alikaa nayo. Lakini hakutaka mashaka yake yawe ukuta kati ya mutoto na Mungu. Akamupeleka Helen kwa muchungaji Phillips Brooks wa Boston, aliyemufundisha juu ya Mungu Baba na upendo wake. Helen alimupenda muchungaji huyo hata mudogo wake alipozaliwa akapewa jina lake. Na Helen alikaa mukristo maisha yake yote.

7. MACHO YA MWALIMU

Mwaka wa 1900 Helen aliingia katika chuo kikuu cha wanawake cha Radcliffe. Vitabu vya Braille vilikuwa vichache sana. Anne aliketi karibu naye katika kila somo, akimuandikia mukononi maneno ya mwalimu wa chuo. Jioni alisoma vitabu kwa macho yake na kuvipitisha katika kiganja cha Helen, masaa na masaa. Munganga alimuonya ya kuwa atapofuka. Aliendelea.

Mwaka wa 1904 Helen alipata shahada yake kwa heshima, wa kwanza kati ya watu viziwi na vipofu. Diploma ilikuwa moja. Anne, aliyepita katika masomo yaleyale yote, hakupewa karatasi. Ni mwaka wa 1932 tu ndipo chuo kikuu cha Temple kilimupa shahada ya heshima.

Mwaka wa 1905 aliolewa na Bwana John Macy, aliyesaidia kutengeneza kitabu cha maisha ya Helen. Ndoa haikudumu, walitengana miaka 9 nyuma yake. Fedha zilipungua, na kutoka mwaka wa 1920 walizunguka katika majumba ya maonyesho kupata chakula. Kuanzia mwaka wa 1924 walitumikia shirika la kusaidia vipofu wa Marekani. Macho ya Anne yalizidi kufifia, na mwishoni akawa kipofu kabisa. Wakati huo Helen ndiye aliyemusaidia kurudilia kusoma kwa vidole. Mwanafunzi akawa mwalimu.

Alikufa tarehe 20 Oktoba 1936 katika New York, akiwa na miaka 70, na Helen akishika mukono wake. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa kubwa la Washington. Helen aliendelea na kazi, akitembelea inchi nyingi, hata Afrika ya Kusini mwaka wa 1951, akiomba wakubwa wafungue shule za vipofu na viziwi. Alikufa tarehe 1 Juni 1968, naye akawekwa karibu na mwalimu wake.

8. NA SISI?

Wapendwa, kanisa letu lilianza kwa kazi za kuponya. Tangu mwezi wa Aprili 1921 huko Nkamba wagonjwa waliletwa mbele ya Papa Simon Kimbangu, na hatutaacha kuamini ya kuwa Mungu anaponya. Kwa hiyo tuweke mbele yetu jambo gumu: macho ya Helen hayakufunguka. Masikio yake hayakufunguka. Alikaa miaka 86 bila kuona wala kusikia. Je, tuseme hakupata neema? Tuseme wazazi wake hawakuwa na imani?

Katika Yoane sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua kama kipofu yule alizaliwa hivi kwa sababu ya zambi yake ao ya wazazi. Yesu aliwakatalia yote mawili. Basi mutu wa kanisa anayemuambia mama ya kuwa mutoto wake ni mulozi, ao ya kuwa hajapona kwa sababu ya imani yake ndogo, anarudisha neno ambalo Bwana alikwisha kulikataa. Walawi sura ya 19 inakataza kumulaani kiziwi na kumuwekea kipofu kikwazo njiani. Chumba cha nyuma chenye mulango wa kufungwa ni kikwazo. Na katika Marko sura ya 7, wakati walipomuletea Yesu kiziwi, hakusema naye kwa mbali: alimutenga na watu, akamugusa kwa vidole vyake. Alianza na luga ambayo mutu yule angeweza kufahamu.

Ndiyo sababu tunaomba kila parokia ifanye mambo haya. Mashemasi wajue nyumba zenye watoto viziwi, vipofu, ao wote mawili, na wawatembelee. Mutoto aletwe kanisani, aketi mbele pamoja na jamaa yake. Wazazi waulize kwa munganga na kwa shule za vipofu na viziwi, hata kama ziko mbali. Mama Kate alianza kwa kitabu kimoja tu. Na mbele ya kupata shule, nyumba yenyewe iwe shule: kila mutu wa nyumba amuguse mutoto kwa ishara yake ya kumujulisha ni nani, na ishara isibadilike. Mbele ya kula aguse kijiko, mbele ya kuoga aguse maji, na kila kitu kiwe na alama yake katika mukono, leo, kesho, kesho kutwa. Ndugu zake wacheze naye. Apewe kazi ndogo na amri ndogo kama watoto wengine. Anne aliandika maneno katika mukono wa Helen zaidi ya mwezi muzima mbele ya mutoto kufahamu hata moja.

Wazazi mulio na mutoto kama huyu, musichoke. Kanisa liko pamoja nanyi, si siku ya maombi tu, hata asubuhi ya kufuata.

Ee Baba, uwatie nguvu mama na baba ambao watoto wao hawasikii wala hawaoni. Utupe upendo usiokosa amri, na amri isiyokosa upendo, na mikono isiyochoka kwa kazi. Katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu. Amina.